Baskeli shamba: njia tulivu za Unguja na Pemba, kwa anayeanza mpaka mwenye miguu yake

Wengi wanaoulizia njia ya baskeli hapa Zanzibar wanauliza kwa kilomita, ati "mimi arobaini naziweza, nende wapi?" Kwa Unguja swali hilo halikufikishi mbali. Kisiwa kiko bapa, ukingo wa Masingini ndo sehemu ya juu na wenyewe hauzidi mita 120 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mlima wa kukutoa roho hapana. Upepo ndo mlima wetu. Kilomita 30 ukizipiga alfajiri upepo umelala unarudi nyumbani unaimba, hizo hizo ukizipiga saa saba mchana kusi linakuja usoni baina ya Jambiani na Makunduchi utashuka ukokote, na miguu yako mizima. Ndo maana kabla ya kutaja njia hata moja naanza na upepo.

Upepo kwanza, ramani baadae

Kaskazi inavuma kama Disemba mpaka Machi, inatokea kaskazini-mashariki, na ndo miezi ya joto kali. Kusi inashika kuanzia Mei mpaka Septemba hivi, inatokea kusini na kusini-mashariki, Juni, Julai na Agosti ndo inakuwa kali kweli, lakini hewa ina ubaridi kidogo na jua halichomi sana. Katikati hapo kuna maleleji, upepo mdogo, bahari shwari, siku nzuri mno kwa baskeli ila zinaingiliana na mvua. Masika ya Machi mpaka Mei mimi sishauri mtu, barabara za shamba zinajaa maji na hujui shimo lina kina gani mpaka tairi la mbele limeshaingia. Vuli ya Oktoba mpaka Disemba ina afadhali, inanyesha inakatika, unajibanza kwenye baraza la mtu dakika ishirini unaendelea.

Kanuni ni moja tu, toka ukipingana na upepo, rudi ukiwa nao mgongoni. Wageni wengi wanafanya kinyume, wanatoka nao raha mustarehe wanajiona mabingwa, halafu kurudi ndo wanaitafuta daladala. Na upepo wa pwani kwa kawaida unaamka na jua, saa kumi na mbili asubuhi umelala, ikifika saa nne umeshachangamka. Kwa hiyo swali alfajiri, kunywa chai, toka. Saa nne na nusu mwisho tano uwe ushamaliza kipande chako kigumu.

Baskeli gani na uiandae vipi

Usinunue baskeli mpya kwa ajili ya hii safari. Foniksi ya mzee, ile baskeli ya kizamani isiyo na gia, inafika Chwaka bila tabu yoyote, kuna watu wanabebea majani ya ng'ombe kila siku kwa hiyo hiyo. Ila kama una ya gia, hasa hizi za mtumba, basi angalia upana wa tairi. Mashariki na kusini ya Unguja ni uwanda, ardhi ya mawe, na pembeni ya lami yale mawe ya matumbawe yana makali. Gari likikupita ukalazimika kuteremka pembeni na vitairi vyembamba vya resi ni pancha moja kwa moja. Mimi nasema milimita 32 mpaka 40 ndo saizi ya huku. Upepo wa tairi usijaze mpaka liwe jiwe, mtu wa kilo 70 na tairi ya 35 akitia psi 50 (ndo kipimo cha upepo kwenye pampu) inamtosha, mwenye tairi ya 28 aende 75 hivi.

Urefu wa kiti wengi wanaukosea, wanakaa chini sana kama wanaendesha baskeli ya mtoto, kisha wanalalamika magoti. Panda, egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke. Ukiendesha kwa nyayo, goti litabaki limekunjika kidogo na ndo inavyotakiwa. Baada ya hapo bana breki zote mbili usukume mbele, gurudumu lisizunguke. Zungusha pedeli kinyumenyume usikilize cheni, ikilia itie mafuta ya cherehani kidogo ufute na kitambaa, usiimwagie oili chafu ya gari maana mchanga wa huku utaganda pale pale na utasaga meno yote.

Sasa jambo la tyubu, na hili wenye baskeli za kisasa walisikie vizuri. Karibu kila kijiji kina fundi baskeli, yuko chini ya mwembe au kwenye kibanda cha makuti, na ni mafundi kweli. Anatoa tairi kwa mikia ya vijiko viwili, anaijaza tyubu upepo kidogo na kuizamisha kwenye beseni la maji huku anaizungusha polepole mpaka vile vipovu vitoke, anapaweka alama, anakausha, anapiga msasa, anapaka solosheni na hapo HAKIMBILII kubandika, anaiachia ikauke mpaka ukigusa kwa kidole hainati vile, ndo anaweka kiraka na kukigonga. Kiraka cha hivyo kinadumu kuliko vile vya kubandika haraka haraka. Lakini tyubu alizonazo ni za inchi 26 na 28 zenye mdomo mnene kama wa gari au ule wa baskeli za kizamani. Mdomo mwembamba wa baskeli za resi hana, na pampu yake haushiki. Ukiwa na magurudumu hayo beba tyubu zako mbili na ile adapta ya shaba ndogo, haina uzito wowote. Beba pia kipande cha tyubu kuukuu, utafungia kitu tu, hata baskeli juu ya karia ya daladala.

Nguo, maji na adabu ya njiani

Kaptula ya kubana vaa ukitaka, ila juu yake tia suruali nyepesi au kaptula pana inayopita goti, unapita katikati ya vijiji vya watu, mbele ya msikiti, wazee wako barazani. Dada zetu, dera au buibui halina neno lakini pindo lifunge, vuta upande wa kulia uchomeke kiunoni au ulibane na pini, na vaa suruali ndani. Cheni iko upande wa kulia, na nguo ikishanaswa hairudi nyuma kwa kuvuta, inabidi uzungushe gurudumu kinyume polepole mpaka iachie. Baskeli yenye kava ya cheni inamaliza hilo tatizo zima.

Maji hesabu nusu lita mpaka lita kwa saa, kaskazi hesabu lita. Maduka ya kijijini maji yapo, na dafu lipo, lakini Ijumaa kuanzia kama saa sita mpaka saba na nusu maduka mengi yamefungwa watu wako msikitini, kwa hiyo jaza mapema. Ramadhani usinywe wala usile barabarani mbele ya watu, hata kama wewe hufungi. Mwezi huo miye nashauri utoke saa kumi na moja jioni, kilomita kumi na tano za pole, unafika nyumbani na adhana ya magharibi.

Barabarani tunakwenda kushoto. Salamia watu, "asalaam alaykum" yako inafungua njia kuliko kengele, na ukiwapita wazee mguuni punguza mwendo usiwavurumishe. Watoto watakuita mzungu hata ukiwa mweusi vipi, helmeti inatosha kukufanya mzungu, we wapungie mkono tu uendelee. Hatari zenyewe za shamba ni gari la ng'ombe lisilo taa, ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu upande mmoja wa barabara na yeye yuko upande wa pili (ile kamba huioni mpaka iko shingoni), matuta yasiyo na rangi, na gari za kubeba watalii ambazo zina haraka kuliko ambulensi. Giza likiingia huna taa usiwe barabarani, jua hapa likizama giza halichelewi.

Njia ya anayeanza: Dunga mpaka Chwaka

Usianzie mjini. Toka Amani mpaka Mwera ni gari, vespa, bodaboda na vumbi, mtu mgeni atachukia baskeli siku ya kwanza. Pandisha baskeli kwenye gari, daladala ya Chwaka ni 206, ongea na utingo kabla baskeli haijapanda na kubalianeni nauli yake pale pale, shuka Dunga. Pale barabarani pana magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu, la karne ya 19, ni pahala pazuri pa kukazia boliti na kunywa maji.

Kutoka hapo mpaka Chwaka ni kama kilomita 14, lami, karibu bapa tupu. Mwanzo unapita kwenye miembe na minazi na kivuli kipo, kisha unaona ardhi inabadilika, miti inakuwa mifupi, mawe yanatokeza, ushaingia uwanda na kivuli kimekwisha. Mtoto wa miaka kumi anayejua kubana breki anaifika, mpe mapumziko katikati tu. Mwisho wa barabara ni bahari, ghuba ya Chwaka, maji yakitoka yanatoka mbali kweli unawaona watu wadogo kama vijiti kule. Kula samaki wa kukaanga na chapati, pumzika kivulini, rudi. Kaskazi njia hii inakwenda yenyewe vile tunavyotaka, asubuhi unaelekea mashariki ukipingana nao ukiwa bado mdogo, kurudi unasukumwa. Kusi upepo utakuja kwa ubavuni, si mbaya.

Ukiona nguvu zimebaki, kutoka Chwaka pinda kaskazini kufuata pwani kwenda Uroa, kilomita nane hivi, na ukipenda Pongwe. Ukichoka Uroa nayo ina daladala yake.

Njia ya wastani: mzunguko wa kusini

Hii ndo njia ninayoipenda kuliko zote Unguja. Kitogani, Muyuni, Kizimkazi, Makunduchi, Jambiani, Paje, Kitogani. Jumla ni baina ya kilomita 60 na 70, inategemea umezurura kiasi gani Kizimkazi. Lami yote, vilima vya kuhesabika.

Watu wengi wanaanzia Paje kwa sababu ndo wanakolala. Anzia Kitogani, kwenye njia panda, na sababu ni ule upepo. Sikiliza hesabu yake.

Wakati wa kusi toka Kitogani uende kusini kwanza, Muyuni mpaka Kizimkazi, asubuhi mapema. Kipande hiki kina vichaka na miti pande zote mbili, kwa hiyo hata upepo ukiamka haukufikii wote. Kutoka hapo unashika mashariki kwenda Makunduchi, na ukishapinda kaskazini kwenye ile pwani iliyo wazi ya Jambiani, kusi liko mgongoni linakupeleka mpaka Paje bila jasho. Paje mpaka Kitogani unaelekea magharibi, bado linakusaidia.

Wakati wa kaskazi geuza. Toka Kitogani alfajiri uende Paje, kilomita 12 hivi, hapo ndo unapingana nao ukiwa bado umelala, kisha Jambiani na Makunduchi unateremka na upepo nyuma, Kizimkazi, halafu kaskazini kurudi Kitogani ambapo upepo unakuja usoni lakini vichaka vinakukinga. Pahala pa kuanzia ni hapo hapo, unachobadilisha ni upande wa kupinda tu.

Gawa hivi. Kitogani mpaka Kizimkazi Dimbani ni kama kilomita 22, hapo usipite hivi hivi, msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, muombe mtu anayeuangalia akuonyeshe, vua viatu, jistiri. Kunywa chai, vitumbua, mihogo. Kutoka Dimbani mpaka Makunduchi kama kilomita 12, na hiki ndo kipande kitulivu kuliko vyote, kuna dakika nzima husikii ila cheni yako. Makunduchi mpaka Paje kama 20, hapo gari zinaongezeka na hoteli zinaanza. Anayeona miguu imekwisha Makunduchi asijilazimishe, daladala ya 310 inamrudisha, Jambiani kuna 309, Kizimkazi 326.

Ukiendesha Julai angalia usiangukie Mwaka Kogwa, Makunduchi siku hiyo barabara imejaa mpaka pembeni, na Agosti Kizimkazi kuna tamasha lao, magari ya wakubwa na ving'ora. Kama unataka sherehe nenda, ukitaka utulivu chagua wiki nyengine.

Paje mpaka Jambiani wengine wanapita ufukweni maji yakitoka, mchanga mgumu, raha. Angalia maji lakini, yanachelewa kama dakika 50 kila siku kwa hiyo saa ya jana si saa ya leo, na siku za bamvua, maji makubwa, yanarudi kwa kasi. Na ukishapita pale baskeli ioshe kwa maji matamu siku hiyo hiyo, chumvi ikilala usiku mmoja kwenye cheni asubuhi ishapiga kutu.

Kwa anayependa upweke: Charawe na Ukongoroni

Kutoka upande wa Jozani kuna njia inaingia kaskazini kwenda Charawe, Ukongoroni na kutokea Bwejuu, kilomita ishirini na kitu. Ni vichaka, mawe, nyumba chache, na kimya. Si ngumu kwa miguu, ngumu yake ni kwamba ukipata pancha katikati upo peke yako na maduka hakuna ya kutegemea. Nenda wawili au watatu, maji lita mbili kila mtu, tyubu, pampu, na kabla ya kuingia uliza wenyeji hali ya barabara ikoje msimu huo. Pale Jozani penyewe punguza mwendo kwenye matuta, yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara, na mara nyingi wanavuka familia nzima, akipita mmoja subiri wengine.

Nungwi sikupeleki. Barabara yake ina gari nyingi mno siku hizi, atakayekwenda aende, lakini hii ni orodha ya njia tulivu.

Mwenye miguu yake avuke Pemba

Yote niliyosema kuhusu upepo, Pemba yapunguze nusu, maana kule vilima vipo kweli. Si virefu, ila havikwishi: unashuka bondeni kwenye mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, unashuka tena, na kila mpando ni mfupi mkali. Baskeli isiyo na gia utaikokota mara nyingi na hapana aibu, Wapemba wenyewe wanakokota. Mwenye gia, ile kubwa ya nyuma iwe na meno 28 au 32. Ukishuka bonde bana breki kwa kugusa na kuachia, usiing'ang'anie mpaka chini, rimu inapata moto.

Siku ya kwanza jipashe, Chake (Chake Chake, mji wa katikati ya kisiwa) mpaka magofu ya Pujini, kilomita kumi hivi, ngome ya Mkama Ndume yule anayesimuliwa kwa ukatili wake. Siku ya pili Chake mpaka Wete kwa barabara ya zamani, baina ya kilomita 25 na 30, kona na kivuli njia nzima, na njiani kuna njia ya kuingia Kidike kuwaona popo wa Pemba, wale wakubwa ambao duniani hawapatikani ila kisiwani humo. Kilomita 25 za Pemba hesabu kama 40 za Unguja. Wete utakuta halua, nunua, ni sukari ya kesho.

Siku ya tatu ndo yenyewe. Wete mpaka Konde kama kilomita 15, kisha Konde kuingia msitu wa Ngezi, miti mirefu imefunga juu na ubaridi unausikia mikononi ghafla. Mvua ikiwa imenyesha udongo unateleza, teremsha psi kidogo na kaa mbali na majani yaliyooza kwenye kona. Ukitaka kuingia msituni kwa miguu kuna kituo na ada ya kulipa, wakupe mtu wa kukutembeza. Ukitoka upande wa pili chagua, Vumawimbi kwa kuogelea au uendelee mpaka Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa wa chuma wa mwaka 1900. Beba chakula, kule hakuna uhakika wa kukuta mama ntilie.

Na msimu wa karafuu, pembeni ya barabara utakuta majamvi yameanikwa karafuu, mengine yameingia mpaka kwenye lami. Usipite juu yake hata kwa tairi moja, ile ni pesa ya mtu. Kama gari linakuja mbele na jamvi liko kushoto kwako, simama, weka mguu chini, gari lipite, ndo uzunguke.

Boti nyingi za Unguja zinafikia Mkoani, kusini kabisa, na kutoka hapo mpaka Chake ni kama kilomita 30 za vilima. Mtu aliyetapika njia nzima kwenye mkondo wa Pemba asianze kupanda baskeli pale bandarini, achukue daladala ya 603 mpaka Chake, alale, kesho ndo aanze. Kabla ya boti geuza usukani uende sambamba na baskeli, toa pedeli zote mbili, ya kushoto inafunguka kinyume na boliti za kawaida usije ukailazimisha, na funga cheni kwa kitambaa isichafue mizigo ya wenzio.